Mziba Ufa: Insha juu ya Franco Baresi

Msomaji mpendwa, upitapo mbele ya nyumba iliyosimama wima, huulizi ni nani aliyeziba nyufa zake. Huulizi kwa sababu nyufa hazionekani, na jambo lisiloonekana halina msemaji. Lakini nyumba hiyo ikianguka, watu wa mtaa mzima huja kutazama, na kila mmoja huwa na neno juu ya fundi. Hiyo ndiyo hali ya kazi zote za ulinzi. Mlinzi wa usiku husifiwa na nani asubuhi ambayo hakuna kilichoibiwa? Mama aliyemtungikia mtoto wake chandarua hushukuriwa na nani kwa homa ambayo haikuja? Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo humwonya mzembe, na onyo lake ni la haki. Lakini haina neno la kusema juu ya yule aliyeziba ufa kwa wakati wake. Jina lake halimo ndani ya methali.

Katika mpira wa miguu mtu aliyepewa kazi hii huitwa beki. Mshambulizi ana hesabu yake: amefunga mabao mangapi, dakika ya ngapi, dhidi ya nani. Beki hana hesabu ya namna hiyo. Hakuna daftari linaloandika mabao yaliyotaka kufungwa yasifungwe. Basi amhukumuye beki hana budi kupima jambo ambalo halikutokea, na hiyo ni kazi ngumu kwa mwamuzi yeyote.

Nataka tuijaribu kazi hiyo pamoja, mimi na wewe, kwa kumtazama beki mmoja wa Italia, Franco Baresi, aliyechezea klabu moja tu, AC Milan, kwa misimu 20. Nimemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, waujuao mchezo humhesabu miongoni mwa mabeki bora waliopata kuonekana. Pili, watu wengi wasiojua lolote jingine juu yake wanajua jambo moja: kwamba katika fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 1994 alikosa mkwaju wa penalti. Kazi ya miaka 20 imewekwa kwenye sahani moja ya mizani, na mpira mmoja kwenye sahani ya pili. Tutazame ni ipi iliyo nzito.

Baresi alizaliwa tarehe 8 Mei 1960 katika mji mdogo wa Travagliato, karibu na Brescia, kaskazini mwa Italia. Utoto wake haukuwa mwepesi. Mama yake alifariki, kisha na baba yake, kabla kijana hajawa mtu mzima. Alipokwenda kujaribiwa na Inter, klabu moja ya mji wa Milan, alikataliwa. Ndugu yake mkubwa, Giuseppe, alikuwa amekubaliwa huko, na baadaye akawa nahodha wa klabu hiyo. Franco alipokewa na klabu ya pili ya mji ule ule, AC Milan, mwaka 1974, akiwa na umri wa miaka 14. Alikuwa mdogo wa umbo hata akapewa jina la Piscinin, ambalo katika lugha ya wenyeji wa Milan ni sawa na kusema kadogo. Hata alipokomaa, kimo chake kilikuwa sentimita 176 tu, na beki wa kati tumezoea kumtazamia awe mrefu kama mnazi. Lakini aliyenyimwa mali moja hutafuta nyingine. Mali aliyoitafuta Baresi ilikuwa kuwahi: kujua mpira utakwenda wapi kabla ya yule mwenye mpira kuukata shauri.

Alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu tarehe 23 Aprili 1978, dhidi ya Verona, hajatimiza miaka 18. Msimu uliofuata alikuwa beki wa kutegemewa, na Milan ikawa bingwa wa Italia mwaka 1979. Ungedhani kwamba njia imekwisha kunyooka. Haikuwa hivyo. Mwaka 1980 klabu ilishushwa daraja la pili kwa hukumu, kwa sababu ya kashfa ya mechi zilizouzwa. Ikapanda, na mwaka 1982 ikashuka tena, mara hii kwa udhaifu wake yenyewe uwanjani. Mwaka ule ule wa 1982 Italia ilitwaa Kombe la Dunia huko Hispania, na Baresi alikuwamo katika kikosi, lakini hakuchezeshwa hata dakika moja. Fikiri, msomaji, juu ya kijana wa miaka 22 ambaye katika mwaka mmoja amekuwa bingwa wa dunia bila ya kugusa mpira, na amekabidhiwa unahodha wa timu iliyoshuka daraja.

Wengi wangehama. Yeye alibaki. Sisemi kwamba kubaki ni wema sikuzote na kuhama ni uovu. Mchezaji wa kulipwa anaishi kwa miguu yake, na miguu haidumu. Lakini kubaki kulimpa Baresi kitu ambacho beki anakihitaji kuliko mchezaji mwingine yeyote, nacho ni muda wa kujuana na wenzake. Mshambulizi aweza kuwa hodari peke yake. Beki hawezi, ukuta wa jiwe moja si ukuta.

Faida ya muda huo ilionekana mwaka 1987, alipokuja kocha Arrigo Sacchi. Kabla ya hapo, desturi kubwa ya Italia ilikuwa kila beki kumfuata mtu wake kama kivuli, na nyuma yao kusimama beki mmoja ambaye Waitalia humwita libero, yaani aliye huru, asiyemfuata mtu, bali aliyekaa tayari kusafisha kila kilichowaponyoka wenzake. Baresi alilelewa katika kazi hiyo. Sacchi aliipindua. Alitaka mabeki wanne wasimame katika mstari mmoja. Wasiwafuate watu, bali waufuate mpira na wafuatane wao kwa wao. Na timu nzima, kutoka beki wa mwisho mpaka mshambulizi wa mbele, isichukue urefu wa zaidi ya mita 25 au 30 za uwanja. Pembeni walicheza Mauro Tassotti na Paolo Maldini, na katikati, ubavuni mwa Baresi, alicheza Alessandro Costacurta au Filippo Galli.

Hapa ndipo ufundi ulipo, na nakuomba ufuate kwa makini. Sheria ya kuotea humkataza mshambulizi aliye katika nusu ya wapinzani kuwa mbele ya mpira na mbele ya mlinzi wa pili kutoka mwisho, wakati mwenzake anapompelekea mpira. Mlinzi wa mwisho kabisa aghalabu ni golikipa. Basi mabeki wanne wakipiga hatua mbele kwa pamoja, mshambulizi aliyekuwa mahali pa halali hujikuta ameotea, ingawa hakusogea hata unyayo. Ni silaha kali, lakini ina makali pande zote mbili. Beki mmoja akichelewa nusu hatua, mstari umevunjika, na mshambulizi anakwenda kuonana na golikipa peke yake. Lazima awepo mtu mmoja wa kusema, "Sasa!" Lazima asikosee, na lazima wenzake wamwamini bila ya kugeuka kutazama. Katika Milan mtu huyo alikuwa Baresi. Waliomwona akicheza humkumbuka hivi: anapiga hatua mbele, fulana nje ya bukta, mkono umeinuliwa juu kumwonyesha mshika kibendera kosa ambalo yeye mwenyewe amelitengeneza.

Sacchi amesimulia jinsi alivyowathibitishia wachezaji wake nguvu ya mpango huo. Aliweka golikipa na mabeki wanne, Baresi akiwa mmoja wao, kukabili wachezaji kumi, miongoni mwao Ruud Gullit na Marco van Basten. Wale kumi walipewa dakika 15 wafunge bao, nao hawakufunga. Watano waliopangika waliwashinda kumi waliokwenda kila mtu na lake. Ukitaka kujua Baresi alikuwa na faida gani, usitafute bao alilofunga; fikiri juu ya zile dakika 15.

Hata hivyo si haki kumfanya kuwa mvunjaji tu. Alipounyakua mpira hakuutupa mbali kama mtu atupaye kaa la moto. Aliinua kichwa, akatoka nao, akavuka mstari wa kati, akampa aliyestahili. Ulinzi wake ulikuwa mwanzo wa shambulizi, na mara nyingi mwanzo huo ulikwisha kusahauliwa bao lilipofungwa mbele.

Matokeo yake yalikuwa makubwa. Msimu wa 1987-88 Milan ilikuwa bingwa, ikafungwa mabao 14 tu katika mechi 30. Mwaka 1989 iliifunga Real Madrid mabao 5 kwa 0 katika nusu fainali ya Kombe la Klabu Bingwa za Ulaya, kisha Steaua ya Bucharest mabao 4 kwa 0 katika fainali. Mwaka 1990 ikalitwaa kombe lile mara ya pili kwa kuifunga Benfica bao 1 kwa 0. Katika tuzo ya Mpira wa Dhahabu ya mwaka 1989, Baresi alikuwa wa pili nyuma ya Van Basten. Kupata nafasi ya pili katika tuzo ambayo kwa desturi hupewa wafungaji ni sifa ambayo beki haipati kwa bahati.

Kisha sheria zenyewe ziligeuka. Mwaka 1990 iliamuliwa kwamba mshambulizi aliye sawa na mlinzi wa pili kutoka mwisho hajaotea. Zamani alikuwa ameotea. Mwaka 1992 golikipa alikatazwa kuushika kwa mikono mpira aliorudishiwa na mwenzake kwa mguu. Sheria zote mbili ziliwapunguzia mabeki hifadhi yao. Walakini ni katika miaka hiyo hiyo, kutoka Mei 1991 mpaka Machi 1993, ndipo Milan ilipocheza mechi 58 za ligi bila ya kushindwa, sasa ikiongozwa na kocha Fabio Capello. Hii ni hoja nzito. Ustadi unaotegemea sheria hufa sheria ikibadilishwa. Ustadi unaotegemea akili hubadilika pamoja nayo.

Sasa, msomaji, mhakiki asiyesema ila sifa si mhakiki, bali ni mpiga zumari wa arusi. Yako mashtaka matatu juu ya Baresi, nami nitayaleta yote.

La kwanza ni kwamba ulinzi wa namna hii ni ubahili, huunyima mchezo furaha yake. Msimu wa 1993-94 Milan ilikuwa bingwa kwa kufunga mabao 36 tu katika mechi 34, nayo ikafungwa 15. Mtu aliyelipa kiingilio ili aone mabao ana haki ya kunung'unika. Nakubali kwamba mechi nyingine zilikuwa kavu. Lakini bao lina thamani kwa sababu ni gumu kupatikana. Mahali ambapo lango halina mlinzi, kufunga si ustadi. Anayempenda mfungaji mkubwa hana budi kumheshimu beki mkubwa, kwa kuwa mmoja ndiye kipimo cha mwenziwe.

La pili ni kwamba alijifunga. Katika ligi kuu ya Italia Baresi aliutia mpira katika lango lake mwenyewe mara 8, hesabu ambayo wachache wanayo. Hili ni kweli, wala silifichi. Lakini ni nani huyo anayejifunga? Si yule aliyesimama mbali na hatari. Anayejifunga ni yule aliyefika mahali ambapo mpira ulikuwa unaingia, akanyoosha mguu kuuzuia. Asiyekwenda kuzima moto haungui. Mabao 8 ni makosa, na yanahesabiwa makosa. Lakini yagawanye katika misimu 20, utaona ni gharama ya namna gani kwa kazi ya namna gani.

La tatu ndilo zito. Tarehe 18 Mei 1994, huko Athens, Milan iliifunga Barcelona mabao 4 kwa 0 katika fainali ya Ulaya, na watu wengi huuhesabu ushindi huo kuwa mkubwa kuliko wote wa klabu hiyo. Baresi hakucheza. Yeye na Costacurta walikuwa wamefungiwa. Basi, mshtaki huuliza, ikiwa ukuta ulisimama imara bila ya jiwe lake kubwa, jiwe hilo lilikuwa kubwa kweli? Nilipoanza kufikiri juu ya insha hii, swali hili lilinisumbua. Jibu nililolipata ni hili: fundi mwema hujulikana siku asipokuwapo. Maldini, aliyecheza katikati usiku ule, alikuwa amecheza kando ya Baresi tangu ujana wake. Mstari ulipiga hatua kwa pamoja kwa kuwa sauti ya kusema "Sasa!" ilikuwa imekwisha kuingia ndani ya kila mmoja wao. Mtu ambaye kazi yake huanguka aondokapo hakufundisha, alitegemewa tu.

Tumefika katika mwaka huo wa 1994, na katika mpira ule mmoja. Kombe la Dunia lilichezwa Marekani. Tarehe 23 Juni, katika mechi ya pili ya Italia, dhidi ya Norway, Baresi aliumia goti. Gegedu la ndani lilikuwa limechanika; akapasuliwa. Alikuwa na umri wa miaka 34, na ungedhani mashindano yamekwisha kwake. Italia ilisonga mbele bila yeye mpaka ikafika fainali. Lakini Costacurta alifungiwa kwa kadi, na Tassotti kwa kumpiga mpinzani kiwiko. Siku ya 24 baada ya kuumia, tarehe 17 Julai, Baresi aliingia uwanjani huko Pasadena, karibu na Los Angeles, katika jua kali la mchana, kukabili Brazil.

Brazil ilikuwa imekwisha kufunga mabao 11 katika mashindano hayo, na 8 kati yao yalikuwa ya watu wawili, Romário na Bebeto. Watu hao wawili ndio waliokuwa mbele ya mtu aliyetoka kupasuliwa goti. Dakika 90 zilikwisha, zikaongezwa 30, na katika dakika zote 120 Romário hakufunga, Bebeto hakufunga, Brazil haikufunga. Ilikuwa fainali ya kwanza ya Kombe la Dunia kwisha bila bao. Mwishoni misuli ya Baresi ilimkaza hata akalala chini. Kisha zikapigwa penalti, na wa kwanza kupiga alikuwa yeye. Mpira ukapaa juu ya lango. Massaro naye akakosa, Roberto Baggio naye akakosa, na Brazil ikashinda penalti 3 kwa 2. Baresi akalia mbele ya dunia nzima.

Picha ya machozi hayo imebaki. Zile dakika 120 hazina picha. Nani aweza kupiga picha ya bao ambalo Romário hakulifunga? Nami nakukumbusha jambo moja zaidi. Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 1990 huko Naples, Italia ilipigiana penalti na Argentina katika nusu fainali. Baresi alipiga, akafunga. Italia ikashindwa kwa makosa ya wengine, na penalti ile ya Baresi haikumbukwi na mtu. Alipofunga hakuandikwa, alipokosa aliandikwa. Huo ndio mshahara wa beki.

Hukumu yangu ni kama ifuatavyo. Penalti ile alikosa, na kukosa ni kukosa. Goti bovu halikuubadilisha mpira uliopaa. Lakini kumpima beki kwa penalti ni kama kumpima nahodha wa jahazi kwa namna anavyoteremka ngazi bandarini. Baresi aliitwa uwanjani siku ile azuie, akazuia. Alipostaafu mwaka 1997, akiwa ameichezea Milan mechi 719 na kutwaa ubingwa wa Italia mara 6, klabu iliamua kwamba fulana yake, namba 6, isivaliwe tena. Naona uamuzi huo ulikuwa wa busara kuliko wengi wanavyodhani. Mtu ambaye sifa yake ni mambo yasiyotokea ametunzwa kwa nafasi iliyoachwa wazi.

Nawe, msomaji, siku moja utakuwa mwamuzi wa kazi za watu wengine, na wengine watakuwa waamuzi wa kazi yako. Utakutana na aliyeshindwa mbele ya macho ya watu, saa ya mwisho, katika jambo moja. Kabla hujafungua kinywa, jiulize ni nyufa ngapi alizoziba siku ambazo hakuna aliyekuwa akitazama. Kisha uhukumu.